Kutoka MIOME hadi TUM: jengo la Tudor, majina yake na karani wake

ATHMAN: Assalaam aleikum wasikilizaji, hamjambo nyote. Mimi ni Athman, niko na Bi Rukia kama ada, na kahawa iko mezani bado yafuka moshi. Bi Rukia, shikamoo.

BI RUKIA: Marahaba mwanangu. Na masalkheri kwa wote wanaotusikiliza, walio hapa Mvita na walio mbali.

ATHMAN: Leo hatwendi mbali. Tunakwenda Tudor. Ukipanda matatu kutoka mjini, ukipita Barabara ya Tom Mboya, utayaona yale matao na zile kuba, na msikiti wenye mnara wake. Mgeni hudhani ni msikiti mtupu. Kumbe ni chuo. Mimi nimesoma pale umeme miaka miwili, na nasema kweli, miaka yote miwili sikujua jengo lile lilitoka wapi.

BI RUKIA: Ngoja kwanza. Wewe ulipokuwa ukienda, ulikuwa wasema wenda wapi?

ATHMAN: Poli. Sote tulisema Poli.

BI RUKIA: Na mpwa wangu aliyemaliza juzi asema TUM. Na marehemu baba yangu, Mungu amrehemu, mpaka anafariki alikuwa akisema Miome. Watu watatu wa nyumba moja, wazungumzia ukuta ule ule, na kila mtu ana jina lake. Ndiyo maana nilikwambia jambo hili tulizungumze. Jina likibadilika mara nyingi hivyo, hadithi nayo hukatika vipandevipande.

ATHMAN: Basi tuiunge. MIOME ni nini?

BI RUKIA: Mombasa Institute of Muslim Education. Chuo cha elimu ya Waislamu cha Mombasa. Hati yake ilitolewa mwaka 1948, na wanafunzi wa mwanzo wakaingia 1951. Lakini usianze na 1948, Athman. Anza na hofu ya wazazi.

ATHMAN: Hofu gani?

BI RUKIA: Hofu ya shule. Angalia ng'ambo ya maji pale Kisauni: Freretown. Wamishonari wa Kiingereza wa CMS walianzisha makazi yale mwaka 1875 kwa watumwa walioachwa huru, na elimu ikaja pamoja na kanisa. Na kabla ya hapo Rabai, tangu 1846, enzi za Krapf, mmishonari wa CMS hiyo hiyo. Kwa hivyo kwa miaka mingi, ukisema shule, mzazi Mwislamu wa Pwani alisikia kanisa. Akimpeleka mtoto, ataogopa harudi na dini yake. Akimzuia, mtoto atabaki na chuo cha Kurani peke yake, ambayo ni elimu kubwa, simdharau mwalimu wangu wa chuoni hata siku moja, lakini haikumpa mtu cheti cha kuendesha mtambo wa meli. Na Mombasa ni bandari! Mtambo unaingia Kilindini kila siku, na mwenye kuufungua na kuufunga ni mtu aliyetoka kwingine.

ATHMAN: Na kulikuwa na watu waliosema wazi kwamba hali hiyo haifai.

BI RUKIA: Aliyesema kuliko wote ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Yeye mwanzoni mwa miaka ya 30 alitoa gazeti hapa hapa Mombasa, kwa Kiswahili, akiwahimiza Waislamu waamke, wasome, wasiiache dini na wasiikimbie elimu ya kisasa. Vyote viwili kwa pamoja. Alifariki 1947. Hati ya chuo ikatoka 1948. Mwaka mmoja tu baadaye. Lishike jina hilo la Mazrui, tutalirudia.

ATHMAN: Nimelishika. Sasa pesa. Jengo kama lile si la kuchangiwa na harambee ya mtaani.

BI RUKIA: Hapo ndipo napapenda mimi. Waliochanga ni Sultani wa Zanzibar, Seyyid Khalifa bin Haroub. Ni Aga Khan, Sir Sultan Mohamed Shah. Na ni Mabohora pamoja na kiongozi wao, Seyyidna Taher Saifuddin. Na serikali ya kikoloni nayo ikatia mkono. Sasa wewe wahesabu madhehebu hapo. Sultani ni Ibadhi. Aga Khan ni imamu wa Waismailia. Mabohora ni Shia wa njia yao wenyewe. Na vijana wengi wa Pwani waliokuja kusoma ni Wasunni wa Shafii. Watu ambao kila mmoja ana msikiti wake, wakaja wakajenga nyumba moja ya kusomea.

ATHMAN: Kwa wasikilizaji vijana, mtu aweza kuuliza Sultani wa Zanzibar alikuwa na shughuli gani na Mombasa.

BI RUKIA: Mombasa ilikuwa yake, kwa jina. Ule ukanda wa maili kumi wa Pwani ulikuwa milki ya Sultani, Waingereza wakiusimamia kwa mkataba wa 1895 na wakimlipa kila mwaka. Bendera yake nyekundu ilipepea juu ya Fort Jesus mpaka tukapata uhuru 1963. Na Fort Jesus yenyewe, wakati MIOME inafunguliwa, ilikuwa jela. Haikuwa makumbusho. Ilikuwa jela mpaka 1958. Hebu iwaze Mombasa ya 1951: upande mmoja wa kisiwa ngome ya Wareno imejaa wafungwa, upande wa pili kando ya maji ya Tudor linainuka jengo jipya la kufundishia vijana useremala, umeme, mashine na mambo ya bahari.

ATHMAN: Na aliyesukuma wazo lenyewe serikalini ni Gavana, Sir Philip Mitchell. Nilisoma habari zake kidogo. Alikuwa Gavana wa Kenya tangu 1944 mpaka 1952, lakini kabla yake alikuwa Gavana wa Uganda, na kule alikuwa mmoja wa waliotaka Makerere ipandishwe iwe chuo cha elimu ya juu. Kwa hivyo mtu huyu mkono wake umo kwenye vyuo viwili.

BI RUKIA: Umo, na tusimvishe joho la utakatifu. Serikali ile ile ndiyo iliyokuwa na shule za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waarabu mbali, za Waafrika mbali, na mshahara ukiangalia rangi. MIOME ilizaliwa katika mpango huo wa kila jamii na chumba chake. Iliwafaa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki nzima, hilo sikatai, baba yangu ni mmoja wao. Lakini kijana wa Kigiriama wa Rabai aliyebatizwa, jirani yetu kabisa, mlango ule haukuwa wake.

ATHMAN: Mpaka miaka ya 60.

BI RUKIA: Mwanzoni mwa miaka ya 60 wakaona haiwezekani. Nchi yaenda kwenye uhuru, mafundi wahitajika, wewe utamuuliza fundi dini yake? Wakaanza kupokea wote. Na 1966 jina likabadilishwa rasmi likawa Mombasa Technical Institute. Hapo neno "Muslim" likatoka.

ATHMAN: Kisha 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, ya pili nchini baada ya ile ya Nairobi. Hiyo ndiyo Poli yangu. Mwaka 2007 ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, yaani JKUAT. Na 2013 Rais Kibaki akatoa hati, ikawa chuo kikuu kamili: Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. TUM.

BI RUKIA: Majina matano, kuta ni zile zile.

ATHMAN: Haya, Bi Rukia, turudi kwa Mazrui. Naona ulikuwa umeshika pumzi.

BI RUKIA: Nilikuwa nimeshika, ndiyo. Sheikh Al-Amin alipofariki alimwacha kijana wa miaka 14, jina lake Ali. Babake alikuwa akitamani aende Azhar, Misri, awe mwanachuoni kama yeye. Ali akafanya mtihani wa Cambridge wa sekondari, matokeo yakaja daraja la tatu. Daraja la tatu hufiki Makerere. Na wakati ule Makerere ndiyo ilikuwa njia. Afrika Mashariki haikuwa na nyingine. Basi kijana akatafuta kazi. Akaipata MIOME. Karani.

ATHMAN: Karani wa ofisi.

BI RUKIA: Karani. Kalamu, faili, majina ya wanafunzi. Yeye aandika majina ya wengine wanaoingia kusoma. Mimi hapo huwa nasimama kidogo, nafikiria yule kijana amekaa kwenye meza yake, babake alikuwa Kadhi Mkuu, na yeye mwenyewe mlango wa chuo kikuu umemfungia usoni. Ni kisa cha vijana wangapi wa Mombasa leo? Wenye daraja la tatu, wenye D, wanaoambiwa wamekwisha wakiwa na miaka 18.

ATHMAN: Wengi. Wengi mno. Na wanaotusikiliza sasa hivi wamo.

BI RUKIA: Basi wasikilize. Ikaja Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Chuo kikafanya Maulidi. Wewe wajua Maulidi yetu yalivyo: Barzanji, udi, marashi, watu wamevaa kanzu zao nyeupe. Karani Ali akapewa nafasi ya kusema maneno juu ya Mtume, sala na amani zimshukie. Na miongoni mwa waliohudhuria yuko Gavana Mitchell. Kijana akazungumza. Gavana akasikia kitu ambacho karatasi ya mtihani haikukionyesha. Akataka kumjua huyu ni nani, na kutokana na usiku ule ikapatikana njia ya Ali kupata ufadhili wa kwenda kusoma Uingereza.

ATHMAN: Kwa hotuba ya Maulidi.

BI RUKIA: Kwa hotuba ya Maulidi, katika jengo lile la Tudor. Akaenda Huddersfield kumalizia masomo ya sekondari, kisha Chuo Kikuu cha Manchester, akapata shahada mwaka 1960. Akaenda Columbia, New York, shahada ya pili 1961. Akaja Oxford, udaktari, 1966. Na hapo katikati, 1963, akaajiriwa wapi kufundisha?

ATHMAN: Makerere.

BI RUKIA: Makerere iliyomkataa! Wala hakuingia kwa mlango wa nyuma. Akawa profesa wa siasa pale akiwa na miaka thelathini na kidogo, akawa mkuu wa kitivo. Akakaa mpaka 1973, utawala wa Idi Amin ukamfanya aondoke, akaenda Marekani. Dunia nzima ikamjua kama Profesa Ali Mazrui. Wazo lake la kwamba Mwafrika ana urithi wa aina tatu, wa asili yake, wa Uislamu na wa Magharibi, mimi huamini hakulitoa vitabuni peke yake. Aliishi ndani yake. Akitoka nyumbani Mji wa Kale asubuhi, akifika kazini Tudor, achungulie dirishani: wanafunzi wa Kiafrika, matao ya Kiislamu, na mashine za Kiingereza wanazofundishwa kuzifungua. Hiyo ni rai yangu, mtu asije akasema Profesa ndiye aliyesema.

ATHMAN: Sasa mimi nina langu la kuongezea, nimelipata nilipokuwa najitayarisha, na niliposoma nywele zilinisimama. Mwaka 2003 Rais Kibaki alimteua Ali Mazrui kuwa Chansela wa JKUAT.

BI RUKIA: Naam.

ATHMAN: Na tumesema 2007 Poli ikafanywa chuo kishiriki cha nani?

BI RUKIA: Cha JKUAT. Subhanallah.

ATHMAN: Alikuwa bado ndiye Chansela. Yaani yule karani aliyekuwa akiandika majina katika ofisi ya MIOME, zaidi ya miaka 50 baadaye, chuo kile kile kikawa chini ya chuo kikuu ambacho yeye ndiye mkuu wake.

BI RUKIA: Athman, hilo sikuwa nimeliunganisha. Nilijua Chansela, nilijua 2007, lakini sikuziweka pamoja. Hebu nipe maji.

ATHMAN: Na ukilijua hilo, ndipo swali la kumbukumbu linapokuja. Tukitaka kuliadhimisha jengo lile, tunaadhimisha mwaka gani? Mimi nasema 2013. Ndiyo siku Pwani ilipopata chuo kikuu cha ufundi chake yenyewe, kinachotoa shahada kwa jina lake. Mtoto wa Likoni hahitaji tena kupanda basi kwenda Nairobi au Juja.

BI RUKIA: 2013 ni mwaka wa karatasi. Muhimu, lakini wa karatasi. Mimi nasema 1951, siku wanafunzi wa mwanzo walipotia mguu. Chuo ni wanafunzi. Na 2051 itafika karne nzima. Wewe utakuwepo, inshallah, mimi sijui.

ATHMAN: Utakuwepo. Lakini ukiadhimisha 1951, waadhimisha pia ule mlango uliokuwa wa watu wa dini moja. Yule Mgiriama wa Rabai uliyemtaja atasherehekea nini?

BI RUKIA: Hmm. Hapo umenishika.

ATHMAN: Sikushindani, nauliza tu.

BI RUKIA: La, umeuliza vizuri. Basi labda 1966. Ndio mwaka watu hawautaji kabisa, na pengine ndio uliogharimu ukubwa wa moyo kuliko yote. Fikiria: wazee walichanga pesa kwa ajili ya watoto wa Kiislamu, nyumba ina msikiti ndani yake, ina kuba. Kisha waambiwa jina litoke na mlango ufunguliwe kwa wote. Na chuo hakikusambaratika. Msikiti haukuvunjwa, mwanafunzi Mkristo hakulazimishwa kuingia, mwanafunzi Mwislamu hakuzuiwa kuswali. Mpaka leo. Katika mji ambao wanasiasa kila uchaguzi watutafutia sababu ya kugombana, mimi ningependa mtoto wa Tudor ajue hivyo.

ATHMAN: Na wachangaji wa 1948 je? Tukisema 1966 ndio tuwasahau?

BI RUKIA: Hata kidogo. Tuwataje, Sultani, Aga Khan, Mabohora, wote. Mtu akikupa kisima, wewe ukawaruhusu majirani wateke, aliyechimba hapungukiwi na thawabu. Lakini kuna wengine sitaki wasahaulike, nao hawana cheo. Waliokata mawe. Waliobeba zege. Waashi waliozungusha yale matao, maana tao si kazi ya fundi wa kubahatisha, lajengwa juu ya kielelezo cha mbao, jiwe kwa jiwe kutoka pande mbili mpaka likutane juu na jiwe la kati. Ukiondoa mbao mapema lote lamwagika. Wale waliijua kazi kabla ya chuo cha ufundi kufunguliwa. Walijenga shule ya mafundi, na wao wenyewe walikuwa mafundi tayari bila cheti.

ATHMAN: Sikuwahi kufikiria hivyo, na nimepita chini ya yale matao mara elfu.

BI RUKIA: Ndio hivyo. Kumbukumbu zetu hapa hupenda hema, viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa, hotuba saa nne, soda, kisha kwisha. Profesa Mazrui alipofariki Oktoba 2014, mwili ukaletwa kutoka Marekani, akasaliwa Mji wa Kale, akazikwa kwenye makaburi ya ukoo wake karibu na Fort Jesus. Ile ndiyo kumbukumbu. Alikaa Marekani miaka arobaini, lakini aliusia arudishwe nyumbani. Watalii wapita pale kila siku na kamera, na hawajui nani amelala upande wa pili wa ukuta.

ATHMAN: Ingekuwa wewe wapanga, ungefanya nini pale Tudor?

BI RUKIA: Ningemchukua mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, siku yake ya kwanza, kabla hajapewa kitambulisho, nikamtembeza. Hapa ndipo. Hili ni tao, lajengwa hivi. Huu ni msikiti, uliwekwa kwa sababu hii. Hapa Mfungo Sita mmoja karani alisimama akasema maneno machache. Nusu saa tu. Hakuna gharama. Na mwaka 2033 Profesa atatimiza miaka 100 tangu azaliwe hapa Mombasa. Kuna wakati wa kutosha kujipanga tusije tukakurupuka.

ATHMAN: Na wasikilizaji waweza kusaidia. Nyumba nyingi za Mombasa, na Zanzibar, na Tanga, zina cheti cha MIOME ndani ya sanduku la marehemu fulani. Kina kichwa chake, kina mhuri. Kipigeni picha, iandikeni nyuma yake ni ya nani na alifanya kazi wapi, msiache mchwa wale.

BI RUKIA: Cha baba ninacho. Ufundi wa mitambo ya meli. Kona moja imeliwa, lakini jina lasomeka.

ATHMAN: Ulisema alikuwa akiita Miome mpaka mwisho.

BI RUKIA: Mpaka mwisho. Siku moja, miaka ya 2000 mwanzoni, nilikuwa naye kwenye matatu, twenda Tudor kumpa mtu pole. Kondakta kijana, baba amwambia, "Mwanangu, nishushe Miome." Kijana hakuelewa. Akauliza, "Wapi, mzee?" "Miome." Akatuangalia tu. Nami nilitaka kusema "Poli", lakini baba akanishika mkono, hakutaka. Nyuma kabisa kulikuwa na mzee mwingine, hatumjui, akapaza sauti: "Shusha hapo kwenye kuba, dere. Huyo ni wa zamani, kama mimi." Wakashuka wote wawili. Mimi nikaenda kwenye pole peke yangu, nikawaacha wamekaa kwenye ukingo wa ukuta, waulizana majina ya walimu.

ATHMAN: Allah awarehemu wote.

BI RUKIA: Amin. Hebu nimiminie hiyo kahawa kabla haijapoa.